Steringi Hafi, Lakini Angalau Aogope

Mimi si mtaalamu wa filamu. Vitabu vilivyozaa nyingi ya filamu hizi sijavisoma, sifuatilii nani anaongoza nini mwakani, na majina ya sayari na falme za kubuni huniponyoka hata kabla taa hazijawashwa. Ninachopenda ni kukaa gizani mbele ya skrini kubwa nikaonyeshwa kitu ambacho duniani hakipo. Miaka hii ya karibuni nimeangalia picha nyingi za namna hiyo, za sayansi ya kubuni na za njozi, baadhi kwa hiari yangu na baadhi kwa kuburutwa na mpwa wangu, ambaye ndiye mtaalamu halisi katika ukoo wetu. Polepole nimegundua kwamba kinachoamua kama picha itanishika au nitaanza kutazama saa ni swali moja tu: humu ndani kuna mtu anayeweza kupoteza kitu?

Kanuni ya kwamba steringi hafi tumekua nayo na sina ugomvi nayo. Adui ana bunduki, wapambe wake wana bunduki, risasi zinavunja kila chupa iliyo nyuma ya steringi na yeye anatoka na mkwaruzo shavuni. Sawa. Lakini zamani angalau adui alikufa. Rafiki wa steringi naye alikufa, mara nyingi muda mfupi baada ya kuonyesha picha ya mchumba wake. Siku hizi hata hao wanarudi.

Katika Avatar ya 2009, yule kanali Quaritch alipigwa mishale miwili ya kifua, na nilishuhudia kwa macho yangu. Ikaja Avatar: The Way of Water mwaka 2022, na kabla sijakaa vizuri kitini kanali huyo yupo, ana mwili mpya wa buluu wenye mkia na kumbukumbu zake zote za zamani. Kwenye Deadpool & Wolverine ya 2024 wamekwenda mbali zaidi. Wolverine alikufa na kuzikwa katika Logan ya 2017, tena kifo cha heshima, kilichowaliza watu wazima. Hii mpya inaanza na Deadpool akifukua kaburi lile, anakuta mifupa, halafu anaitumia mifupa hiyohiyo kuwachapa askari waliokuja kumkamata. Nilicheka, siwezi kusema uongo. Baadaye akaletwa Wolverine mwingine.

"Huyu si tulimzika?" nilimnong'oneza mpwa wangu.

"Siye huyo, Mjomba. Huyu ametoka ulimwengu mwingine."

"Kwa hiyo yule wa kwanza bado amekufa?"

"Ndiyo."

"Sasa nimlilie wa nini, kama wengine wapo stoo?"

"Mjomba, angalia picha."

Niliangalia picha. Ni ya kuchekesha, wale waigizaji wawili wanaelewana vizuri, na nilitoka nikiwa na furaha tele. Ila kesho yake sikukumbuka hata tukio moja lililonitia hofu, kwa sababu halikuwapo. Ukishaniambia kwamba kuna walimwengu wasiohesabika na katika kila mmoja yumo mtu yuleyule mwenye ndevu tofauti, umenipokonya sababu ya kushika mkono wa kiti.

Nilishafika mahali pa kuamini kwamba habari hizi za walimwengu wengi ni uvivu wa waandishi tu. Kilichonibadilisha ni Everything Everywhere All at Once ya 2022, picha ambayo kwa maelezo ya mdomo inasikika kama wazimu. Evelyn, mwanamke wa makamo mwenye duka la kufulia nguo, anaitwa na ofisi ya kodi kwa sababu risiti zake hazieleweki. Akiwa pale mbele ya ofisa mkali, anaanza kuyaona maisha yote ambayo angeyaishi kama angechagua tofauti. Kwingine ni nyota wa sinema aliyevaa gauni la kumetameta. Kwingine ana vidole vilivyo kama soseji. Hapo ndipo waandishi walipopiga penyewe: kila anachokiona kwingine kinamfanya aone lile duka lake, yule mume mpole na yule binti asiyeelewana naye kuwa ni hasara. Walimwengu kuwa wengi hakumpunguzii machungu, kunamwongezea. Na binti, ambaye ameshayaona yote, haoni tena sababu ya chochote kile.

Kuna sehemu mama na binti wanajikuta katika ulimwengu ambao uhai haukuwahi kutokea. Wao ni mawe mawili yaliyokaa ukingoni mwa korongo. Hakuna sauti, hakuna muziki, maongezi yao yanapita kwa maandishi tu juu ya skrini. Ukumbi mzima ulinyamaza. Nilimsikia mtu wa safu ya nyuma akimeza mate. Michelle Yeoh alipata Oscar kwa kumwigiza Evelyn, na picha yenyewe iliondoka na tuzo 7. Baadaye nikasikia kwamba madoido yake ya kompyuta yalitengenezwa na kikundi kidogo sana cha watu, ambao sehemu kubwa ya ufundi wao waliuokota kwenye video za mafunzo za intaneti. Sikushangaa. Mawe mawili hayahitaji jeshi la mafundi, yanahitaji mtu aliyethubutu kuyaacha yakae kimya.

Nigeukie Dune, maana hapo ndipo tulipobishana sana na mpwa wangu. Yeye amekisoma kitabu cha Frank Herbert cha mwaka 1965 na vilivyokifuata. Mimi aliniazima nikakwama kwenye kurasa za nyuma, ambako mwandishi ameweka kamusi nzima ya maneno yake ya kubuni. Nikaamua kuingia kwenye filamu za Denis Villeneuve, ya 2021 na ya 2024, bila kujua kitu. Yeye alikereka kwa kila kilichoachwa. Mimi nilikuwa nahangaika kujua nani ni nani.

Lakini maji niliyaelewa. Arrakis ni sayari ya mchanga mtupu, na hakuna mhusika anayesimama kutoa mhadhara kuhusu ukame; unauona katika adabu za watu. Katika sehemu ya kwanza, Stilgar, kiongozi wa watu wa jangwani, anaingia kwenye baraza la Duke Leto, anasogea mezani, na kutema mate. Walinzi wanashika silaha zao. Duncan, mpiganaji wa Duke, anawazuia haraka na kumshukuru mgeni kwa zawadi ya maji ya mwili wake, na Duke naye, baada ya kutafakari kidogo, anainama na kutema. Tukio lote halichukui hata dakika mbili. Nilikaa wima kitini, kwa kuwa sasa nilijua kwamba katika nchi ile hata mate yana thamani, na kuanzia hapo kila aliyetoka jasho nilimhurumia. Sehemu ya pili inapoanza, mashujaa wanamaliza kupigana na mara moja wanaanza kufyonza maji kutoka kwenye maiti za maadui. Wala haya si ya kunywa, yamejaa kemikali, lakini hawayaachi. Hapo hakuna haja ya kuniambia kwamba mambo ni magumu.

Hata kutembea kuna masharti. Ukipiga hatua kwa mpangilio mmoja, mdudu mkubwa wa chini ya mchanga atakusikia na kuja, kwa hiyo watu wanakokota mguu, wanasita, wanazunguka, wanasita tena. Kwa macho ya mtu asiyejua ni kama ngoma ya walevi. Kwangu ilikuwa burudani kubwa kuliko mapanga yote, maana nilikuwa nawahesabia hatua kimoyomoyo nikiomba wasikosee.

Mpwa wangu anasema kinachofanya picha ile iwe kubwa ni siasa yake, kijana anayegeuzwa nabii na watu wanaomhitaji. Namkubalia. Ila siasa ile ingenipita kama ningekuwa siiamini ile kiu. Kuna sehemu nyingine ya 2024 aliyonionyesha yeye: kwenye sayari ya maadui, nje ya majengo, rangi zote zinapotea. Mpiga picha Greig Fraser alitumia kamera inayonasa mwanga usioonekana kwa macho yetu, na ngozi za watu zikang'aa kama nta. Sikujua hayo nilipokuwa ukumbini. Nilijua tu kwamba nisingependa kupatembelea.

Malalamiko yangu pekee ni kukatwa katikati. Mwaka 2021 niliingia kuangalia picha iliyotangazwa kwa jina fupi la Dune, na maandishi ya kwamba hii ni sehemu ya kwanza tu yakanikuta nimeshakaa. Spider-Man: Across the Spider-Verse ya 2023 ilinikatia hadithi pale ilipofika kilele. Wicked ya 2024 ina dakika 160 na bado ni nusu ya hadithi. Mtu amekaa kitako muda wote huo, amejibana asiende msalani, halafu anaambiwa asubiri mwaka mzima au zaidi. Mpwa wangu anasema ndiyo raha yenyewe. Ana umri wa kusema hivyo.

Sasa Godzilla. Nilidhani najua kitu gani kinanisubiri kwenye Godzilla Minus One ya 2023: mjusi mkubwa, majengo yanaanguka, watu wanakimbia huku wakitazama nyuma. Vyote vimo. Lakini picha inaanza mwaka 1945, vita vikiwa vinaisha, na rubani wa Japani aliyepewa amri ya kujiua kwa kugonga meli za adui na ndege yake. Anaogopa. Anatua kwenye kisiwa akisingizia kwamba ndege ni mbovu, na fundi anaikagua na kukuta haina tatizo lolote. Fundi yule anamtazama tu. Steringi wa picha hii, kwa ufupi, ni mtu aliyekataa kufa na sasa hajui aishi vipi na aibu hiyo mbele ya majirani waliopoteza watoto wao.

Anapata kazi ya kutegua mabomu ya baharini. Mabomu hayo hulipuka yakihisi chuma, kwa hiyo wanatumia mashua ya mbao, kuukuu, inayolia kila wimbi linapoipiga. Na ni wakiwa ndani ya mashua hiyo, yenye watu wanne na bunduki isiyoweza kumtisha hata papa, ndipo Godzilla anawafukuza. Kichwa chake kiko juu ya maji, kinakuja kwa kasi, macho yamewakodolea. Mashua haina mwendo. Hawana pa kwenda. Nilijikuta nimekunja miguu kitini kana kwamba yale maji yangenifikia.

Tulipotoka nilimwuliza mpwa wangu picha ile iligharimu kiasi gani, maana nilidhani ni mabilioni. Akacheka, akanipa habari ambazo nimezirudia kwa kila aliyekubali kunisikiliza. Haikufika dola milioni 15, wakati Dune ya pili ilitumia dola milioni 190. Vipande vyenye madoido ya kompyuta vilikuwa 610, na vilitengenezwa na watu 35 tu, wakiongozwa na Takashi Yamazaki, ambaye ndiye mwandishi, ndiye mwongozaji na ndiye msimamizi wa madoido hayo. Machi 2024 wakachukua Oscar ya madoido mbele ya picha zenye bajeti za kutisha. Mwongozaji wa mwisho kuipata tuzo hiyo kabla yake alikuwa Stanley Kubrick.

Sisemi kwamba fedha ni kitu kibaya. Avatar ile ya 2022 ilitumia fedha nyingi mno, na sehemu ya maji niliifurahia: mwongozaji James Cameron aliwazamisha waigizaji kwelikweli ndani ya tangi, na Kate Winslet alizuia pumzi kwa zaidi ya dakika 7. Unauona ukweli huo kwenye miili yao, namna nywele zinavyochelewa na mikono inavyosukuma maji. Meli inapozama mwishoni na pumzi zinawaishia, nami nilikuwa nimebana yangu. Ndiyo kusema picha hiyohiyo moja inajua kunitisha na inajua kunichosha. Maji yalinitisha. Kanali aliyefufuka alinichosha.

Japani pia ilinitibu uvivu wa kusoma maandishi ya chini. Zamani nilikuwa nasema siendi sinema kusoma. Baada ya Godzilla, mpwa wangu akaona mlango uko wazi akanipitisha na Neptune Frost ya 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyopigwa Rwanda. Ni ya nyimbo, ya wachimba madini ya koltani na wadukuzi wanaoishi katika kijiji kilichojengwa kwa vipande vya kompyuta zilizotupwa. Wanazungumza Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, na wanahama kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kuomba ruhusa. Hadithi ilinipoteza, nisijifanye. Lakini inaanza na kijana anayeuawa mgodini kwa kosa la kusimama kidogo tu na jiwe la koltani mkononi, na ndugu yake hapati nafasi hata ya kumlilia kwa sababu ngoma lazima zipigwe na kazi iendelee. Hayo sikuhitaji kufafanuliwa. Na kusikia Kiswahili kikitoka kwenye mdomo wa mtu aliyevaa nyaya na vitufe vya kompyuta kulinifanya nitabasamu gizani peke yangu.

Furiosa ya 2024 ilinipa mtihani. Inasimulia ujana wa mhusika tuliyekwisha kumwona mtu mzima katika Mad Max: Fury Road ya 2015. Kwa hesabu hiyo hawezi kufa, hata ukimtupia lori. Nikajiandaa kuchoka. George Miller, ambaye kabla ya filamu alisomea udaktari, anajua mwili wa mtu una mengi ya kupoteza kabla ya uhai. Tulikuwa tunajua pia kwamba Furiosa mtu mzima ana mkono mmoja. Kwa hiyo nilikaa zaidi ya nusu ya picha nikiutazama ule mkono wa kushoto, na kila gari lilipopita karibu nilikuwa najisemea, ni sasa.

Alien: Romulus, ya mwaka huohuo, ina wadudu waliotengenezwa kwa mikono, wanaodondosha ute wa kweli, na robo tatu yake ni hofu safi. Kisha wakamleta roboti mwenye uso wa Ian Holm, mwigizaji aliyefariki mwaka 2020. Familia yake iliridhia, na hadithi ina sababu zake. Mimi nilitoka nje ya picha nikiwa bado nimekaa ndani. Kila aliposema neno nilikuwa namfikiria marehemu.

Labda ndiyo maana Black Panther: Wakanda Forever ya 2022 naiheshimu kuliko ninavyoipenda. Chadwick Boseman, steringi wa picha ya kwanza, alikuwa amefariki Agosti 2020. Wangeweza kumtafuta mtu mwingine wa kumvisha lile joho. Hawakufanya hivyo. Wakaanza na dada mtu maabara, akihangaika na mashine zenye uwezo wa kila kitu, halafu mama anaingia kumwambia kaka yako ameondoka. Baada ya hapo inakuja ile nembo ya studio, ambayo kwa kawaida hupigiwa tarumbeta, na safari hii imejaa picha za Boseman tupu na hakuna muziki. Yaliyofuata, vita vya baharini na kadhalika, yana marefu na mafupi yake. Ila katika kampuni ambayo wafu wake wanarudi kila msimu, ilikuwa mara ya kwanza naona steringi akifa na wote, wa ndani ya picha na wa nje, wakikubali kwamba amekufa.

Hofu ya namna hii nimeipata pia mahali nisipotegemea, kwenye katuni. The Wild Robot ya 2024 nilidhani ni ya kuwapeleka watoto. Roboti Roz, kwa sauti ya Lupita Nyong'o, anaanguka kisiwani na kwa bahati mbaya anaangamiza kiota kizima cha bata bukini. Linabaki yai moja, na kifaranga anayetoka anamchukulia yeye kuwa mama. Wanyama wa humo wanazungumza kuhusu kufa kama watu wazima wanavyozungumza kuhusu mvua. Watoto waliokuwa ukumbini walicheka sana. Wazazi wao ndio waliokuwa wakipenga mafua.

Flow ilikuwa kimya zaidi. Imetoka Latvia, nchi ndogo, mwaka 2024, chini ya Gints Zilbalodis, na imetengenezwa kwa Blender, programu ambayo yeyote anaweza kuipakua bure. Mwaka uliofuata ikapata Oscar ya katuni bora. Haina neno hata moja. Maji yanapanda, binadamu hawapo na hatuelezwi walikokwenda, na paka mweusi anajikuta kwenye jahazi dogo pamoja na mbwa, lemuri, ndege karani na kapibara mpole mwenye usingizi. Paka ni paka: anaogopa maji, ananuna, anacheza na mwanga ukutani wakati dunia inazama. Sauti ni za wanyama halisi, ila kapibara waliona sauti yake mwenyewe haimfai, wakamwazimia ya ndama wa ngamia.

Ndani yake kuna nyangumi mkubwa anayetokea mara kwa mara. Mwishoni maji yanashuka ghafla na kumwacha ameanguka msituni, anahema taratibu, na paka anakwenda kujisugua kwake. Majina ya watengenezaji yakapita, watu wakainuka. Mpwa wangu akanivuta shati nikae. Baada ya majina, kwa sekunde chache, tukaonyeshwa bahari tulivu na nyangumi akiibuka kuvuta pumzi.

Yeye anashikilia kwamba ni yuleyule, maji yalirudi yakamwokoa. Mimi nasema ni mwingine kabisa, na yule wa msituni alikufa palepale. Tulibishana hadi mhudumu akaja na ufagio kutuomba tumpishe, na hadi leo kila mmoja yuko upande wake.